Utani wa senti moja

Anayekutana leo na postikadi ya vichekesho iliyotumwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita baina ya marafiki wa mashambani Marekani kwa kawaida huitazama picha, hutabasamu kidogo au hatabasamu kabisa, kisha huirudisha alikoitoa. Hana kosa. Picha nyingi za aina hii zimekwisha ladha: mvuvi mnene aliyejinasa ndoano kwenye makalio ya suruali, mama mkwe anayeshuka kwenye gari moshi na mizigo ya miezi sita, mkulima mwenye kidevu cha beberu anayeduwaa mbele ya jengo refu la mjini. Mchoro umefanywa kwa haraka, na maneno yaliyochapwa chini yake ni mizaha ambayo hata wakati huo ilikuwa imechakaa. Ndiyo maana wengi wanaoandika juu ya kadi hizi hufanya moja kati ya mambo mawili, ama kuzipuuza kama takataka za kibiashara, ama kuzipekua wakitafuta ndani yake mawazo ya taifa zima. Mimi naona njia zote mbili zinakosea mahali pamoja, kwa kuwa zinaanzia na kuishia upande wa picha. Kichekesho cha kadi hizi kilikuwa katika kitendo cha mtu mmoja kumchagulia mwenzake picha fulani kati ya nyingine nyingi, kuandika jina lake, na kuiacha ipite wazi mikononi mwa kila aliyekuwa njiani mpaka imfikie.

Kitendo hicho kiliwezekana kwanza kwa sababu ya sheria na bei. Serikali ya Marekani ilianza kuuza kadi zake za posta mwaka 1873 kwa senti 1, lakini hizo zilikuwa kadi za serikali, na kadi yoyote iliyochapwa na mtu binafsi ilitozwa nauli ya barua. Bunge liliondoa tofauti hiyo Mei 1898, na tangu hapo wachapaji binafsi wakapata soko. Hata hivyo upande wa nyuma uliendelea kuwa wa anwani peke yake hadi Machi 1907, posta iliporuhusu ugawanywe nusu kwa anwani na nusu kwa maandishi. Kwa hiyo aliyetuma kadi mwaka 1905 alilazimika kubanana na mchoro: maneno yake yalipita pembezoni, yakazunguka kofia ya mvuvi, yakateremka ubavuni, pengine yakaishia juu ya uso wa mtu aliyechorwa. Salamu na mzaha vilishonana kiasi kwamba huwezi kusoma kimoja bila kingine.

Kwa watu wa mashambani, hata hivyo, jambo kubwa zaidi lilikuwa barua kuanza kufika nyumbani. Huduma ya kupeleka barua bila malipo vijijini ilianza kwa majaribio huko West Virginia tarehe 1 Oktoba 1896 na ikafanywa ya kudumu mwaka 1902. Kabla ya hapo mkulima alizifuata barua zake kwenye ofisi ya posta, ambayo mara nyingi ilikuwa kona tu ya duka la kijijini, na alikwenda huko pale alipokuwa na shughuli nyingine ya kumpeleka. Masanduku ya kwanza ya barua yalikuwa makopo ya mafuta ya nguruwe na makasha ya sabuni yaliyopigiliwa juu ya nguzo kando ya barabara. Mpeleka barua aliuza stempu vilevile, na wakulima wakazoea kutumbukiza sandukuni kadi isiyo na stempu pamoja na sarafu ya senti 1, kazi ya kubandika wakamwachia yeye. Wapeleka barua walilalamikia sana sarafu hizo, hasa majira ya baridi, mtu alipolazimika kuvua glavu akiwa juu ya gari lake la farasi ili azikwangue zilizogandia chini ya kopo. Lalamiko hilo linaeleza zaidi kuliko takwimu nyingi jinsi kadi ilivyokuwa jambo jepesi la kila siku, lisilohitaji kalamu nzuri wala bahasha wala safari ya mjini.

Takwimu nazo zipo. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 1908, posta ya Marekani ilihesabu postikadi zaidi ya milioni 677, katika nchi iliyokuwa na watu takriban milioni 89. Nyingi kati ya hizo zilikuwa za sikukuu na za mandhari, lakini za vichekesho zilikuwa na stendi yake katika kila duka la dawa na kila kituo cha reli. Mwaka huohuo Rais Theodore Roosevelt aliunda Tume ya Maisha ya Mashambani, ikiongozwa na mtaalamu wa kilimo cha bustani Liberty Hyde Bailey, na miongoni mwa matatizo ambayo tume hiyo iliyaeleza ulikuwemo upweke wa familia za wakulima, hasa wanawake. Kwa haraka mtu anaweza kudhani kwamba mambo haya mawili yanapingana, kwamba watu wanaoandikiana kiasi hicho hawawezi kuwa wapweke. Mimi nayasoma kinyume. Mtu hamtumii kadi jirani anayemwona kila jioni kisimani. Kadi nyingi zilitumwa kwa sababu dada ameolewa kaunti ya pili, rafiki wa shule amekwenda kutafuta kazi Chicago, mjomba amechukua ardhi huko magharibi, na theluji imefunga njia tangu Desemba.

Tuje sasa kwenye kuchagua, maana hapa ndipo penye jambo. Mzaha wa postikadi ulikuwa bidhaa ya jumla. Wachapaji waliacha nafasi tupu kwenye mchoro, aghalabu juu ya kibendera au ubao wa njia, na muuza duka wa mji mdogo akaagiza jina la mji wake lichapwe hapo. Kwa njia hiyo mtoto yuleyule mwenye viatu vya mbao na Kiingereza kilichovunjika aliisifia Kansas kwa watu wa Kansas na Minnesota kwa watu wa Minnesota. Ziliuzwa pia kadi za mtu mwenye shughuli nyingi, zilizochapwa orodha ya salamu, habari za afya, hali ya hewa na visingizio vya kutoandika, mtumaji akiweka alama tu mbele ya yale yanayomhusu. Bidhaa kama hiyo haiwezi kumhusu mtu yeyote hasa mpaka mtu aihusishe, na watumaji walifanya hivyo kwa kalamu: walichora mshale ukielekea kwa mlevi aliyekumbatia nguzo ya taa wakaandika kwamba huyu ni wewe, au waliweka alama ya X juu ya msichana anayebusiwa nyuma ya ghala la nyasi na kuuliza kama mpokeaji anamfahamu. Alama hiyo moja ya wino inabadili kila kitu. Mlevi wa kiwandani amekuwa fulani, mwenye jina, anayekaa njia ya posta namba fulani, na ambaye pengine hajawahi kugusa kileo maisha yake yote, jambo ambalo ndilo lililoufanya mzaha unoge.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa mantiki hiyo. Mpare anayemwambia Mchaga maneno ambayo kwa mtu mwingine yangekuwa ugomvi anajua kwamba ruhusa ya kusema imetokana na uhusiano uliopo, na kwamba mtani akinyamaza au akikasirika ndipo lilipo tatizo. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala maarufu juu ya uhusiano wa utani, akitumia mifano mingi ya Afrika, na hoja yake ilikuwa kwamba katika uhusiano huo mtu huruhusiwa na pengine hulazimika kumdhihaki mwenzake, naye mwenzake hulazimika kutochukia. Tofauti ni kwamba wakulima wa Kansas hawakuwa na desturi ya kurithi iliyowapangia nani ni mtani wa nani. Kadi iliwafanyia kazi hiyo. Kumtumia mtu picha ya punda na kumwandikia kwamba amekumbukwa kwa sababu ya sura ilikuwa njia ya kutangaza kwamba sisi wawili tumefika mahali pa kutaniana.

Na tangazo hilo lilikuwa la hadharani. Postikadi haina siri: aliisoma mwenye duka aliyekuwa pia postamasta, aliisoma mpeleka barua, aliisoma mama wa mpokeaji kabla ya mpokeaji mwenyewe kurudi kutoka shambani. Watu walilijua hilo vizuri, na ndiyo maana baadhi yao waliandika kadi zao kwa herufi zilizopinduliwa, kwa maandishi ya kioo au kwa hati mkato. Sheria nayo ililijua. Tangu Septemba 1888 ilikatazwa kutuma kwa posta kitu chochote chenye maneno ya matusi, ya kashfa au ya vitisho yaliyoandikwa mahali panapoonekana, katazo lililowagusa hasa watu waliodai madeni kwa kadi ili mdaiwa aaibike mbele ya kijiji. Vichekesho vilipita katikati ya siri na kashfa. Rafiki aliyeudhika kwa kutojibiwa hakuweza kuandika hasira yake wazi mahali ambapo kijiji kizima kingeisoma, lakini aliweza kutuma picha ya mtu aliyeota utando wa buibui huku akisubiri barua. Lalamiko linafika, postamasta anacheka, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Nadhani hii ndiyo sababu kadi za kuulizana mbona huandiki zilikuwa nyingi mno: zilibeba jambo zito kwa gharama ndogo, na kama lingepokelewa vibaya mtumaji angeweza kujitetea kwamba ni mchezo tu.

Kundi moja la kadi linastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, nalo ni lile la picha za chumvi zilizotengenezwa na wapiga picha wa miji midogo wenyewe. William H. Martin wa Ottawa, Kansas, alianza kuzitengeneza yapata mwaka 1908, na Alfred Stanley Johnson wa Waupun, Wisconsin, alifanya kazi kama hiyo miaka hiyohiyo. Katika kadi zao hindi moja linajaza gari la farasi, kabichi zimepangwa kama nyumba, samaki anamburuta mvuvi, na wawindaji wanamkimbiza kwa motokaa sungura aliyewazidi kimo. Ufundi wenyewe ulikuwa wa mkasi na gundi. Mpiga picha alipiga picha ya gari na watu, kisha picha ya hindi kwa ukubwa mwingine, akalikata kwa mkasi, akalibandika mahali pake, akaipiga picha ile kazi yote upya na kusafisha kadi kutoka kwenye nakala hiyo. Ukiitazama kwa kioo cha kukuza utaona ukingo wa mkasi kwenye majani ya hindi, na kivuli kinacholala upande tofauti na vivuli vya farasi. Hakuna aliyekusudia kumdanganya mtu. Mkulima wa Kansas alijua hindi lina ukubwa gani.

Alichokijua pia ni historia ya ahadi. Kampuni za reli na mawakala wa ardhi walikuwa wamewavuta watu kwenda nyanda zile kwa matangazo ya udongo usiochoka na mvua isiyokosa, na watu walipofika walikuta ukame, na mwaka 1874 wakakuta nzige waliokula mazao, majani na hata nguo zilizoanikwa. Walioshindwa walirudi mashariki wakiwa wameandika kwenye maturubai ya magari yao kwamba Mungu walimtumaini, lakini Kansas imewafilisi. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo anapomtumia rafiki yake aliyebaki Ohio picha ya kabichi kubwa kama nyumba, mzaha unamgonga wakala wa ardhi, unamgonga mtumaji aliyemwamini wakala, na bado unaacha nafasi ya majivuno kidogo, kwa sababu mwaka huo huenda kabichi zimestawi kweli. Kejeli za aina hii huwa ngumu kuzitafsiri kwa kutazama picha tu. Katikati ya miaka ya 1930, vumbi lilipofunika nyanda hizo na panzi wakarudi kwa wingi, Frank D. Conard wa Garden City, Kansas, alitengeneza kadi za panzi wakubwa kama farasi, wanaume wakipambana nao kwa bunduki na kamba. Kadi hizo zilipendwa, na waliozinunua walikuwemo watu waliokwisha kupoteza mavuno kwa panzi wa ukubwa wa kawaida. Kuzituma kwa ndugu waliokimbilia California kulikuwa taarifa ya hali ya shamba kwa namna ambayo haikumlazimisha yeyote kusema kwamba mambo ni mabaya.

Kadi za viwandani za miaka hiyo ya 1930 na 1940, zile zenye karatasi iliyokandamizwa ifanane na kitambaa cha kitani na rangi kali za kuumiza macho, zilijaa mzaha wa choo cha nje. Kibanda cha mbao, tundu la mwezi mchanga mlangoni, katalogi ya duka ikining'inia ndani, foleni nje. Kampuni kubwa zilizozichapa zilikuwa mijini, kama ile ya Curt Teich huko Chicago na ya ndugu wa Tichnor huko Boston, na ni rahisi kuhitimisha kwamba watu wa mjini walikuwa wakiwacheka washamba. Lakini katikati ya muongo wa 1930 ni takriban shamba moja kati ya kumi lililokuwa na umeme, na vyoo vya aina hiyo vilikuwa hai kiasi kwamba mpango wa kazi za umma wa serikali ya Franklin Roosevelt ulijenga zaidi ya milioni 2 vijijini. Mpango huo wenyewe ukawa mada ya kadi nyingine chungu nzima, mfanyakazi akiwa ameegemea sepetu. Walionunua mzaha wa choo walikitumia choo hicho asubuhi ileile. Wakati mtu wa mjini anaicheka hali ya mwingine, mkulima anayemtumia mkulima mwenzake kadi hiyohiyo anacheka hali yao wote wawili, na mchapaji wa Chicago hakuwa na namna ya kujua kadi yake itaangukia wapi.

Utani huu ulikuwa na upande mwingine ambao sitaupaka sukari. Sehemu kubwa ya kadi zilizoitwa za vichekesho zilimdhihaki mtu wa tatu ambaye hakuwa mtumaji wala mpokeaji. Wamarekani weusi walichorwa kama wezi wa matikiti maji na watoto wao kama chambo cha mamba, na kadi hizo zilikaa kwenye stendi moja na za mvuvi na mama mkwe, zikatumwa na watu wenye adabu zao, zikiwa na salamu za kawaida kabisa juu ya afya na mvua. Jumba la makumbusho la Jim Crow (jina la mfumo wa zamani wa ubaguzi wa rangi Marekani) katika Chuo Kikuu cha Ferris State, Michigan, limekusanya vitu vya aina hii kwa wingi, na kinachotisha katika kadi zilizotumwa ni utulivu wa maandishi yake. Wanawake waliodai kura nao hawakusalimika: mwaka 1909 kampuni ya Dunston-Weiler ya New York ilitoa mfululizo wa kadi 12 zilizoonyesha waume wakiwa wamebebeshwa watoto na kufua nguo huku wake zao wakienda kwenye siasa. Hapa ndipo utani unapokoma kuwa utani, kwa sababu anayetaniwa hana kadi ya kujibu. Marafiki wawili wamejenga ukaribu wao juu ya mgongo wa mtu ambaye hakuulizwa, na ukaribu huo ulikuwa wa kweli, jambo linaloifanya habari yenyewe iwe mbaya zaidi. Wanaotaka kuzitetea kadi hizo kwa kusema kwamba zilikuwa mzaha wa zama zake wanasahau kwamba waliodhihakiwa waliishi katika zama hizohizo.

Imekuwa kawaida siku hizi kusema kwamba postikadi hizi ndizo zilikuwa picha za kuchekesha zinazosambazwa kwenye simu. Ulinganisho huo unapotosha. Picha ya simu husambaa kwa kunakiliwa, na mtu huipeleka kwa watu hamsini bila kumlenga hata mmoja. Kadi ilikwenda kwa mtu mmoja, na aliyeituma alibaki bila nayo. Iligharimu senti 1 ya stempu, bei ambayo, ukiacha vipindi viwili vya 1917 hadi 1919 na 1925 hadi 1928, haikubadilika mpaka Januari 1952. Ilichukua siku, wakati mwingine wiki, na mtumaji alilazimika kukisia kama mzaha utakuwa bado unafaa ukifika kwenye nyumba ambayo huenda imepata msiba katikati.

Kutokana na haya yote naona kwamba namna kadi hizi zinavyohifadhiwa inatupotezea nusu ya ushahidi. Wakusanyaji huzipanga kwa mada ya picha, panzi na panzi, vyoo na vyoo, na wauzaji wengi huyahesabu maandishi yaliyo juu ya mchoro kuwa dosari inayoshusha bei. Hazina kubwa ya kampuni ya Curt Teich, ambayo tangu 2016 imo katika maktaba ya Newberry, Chicago, ni nakala za kiwandani pamoja na majalada ya oda, na kwa anayechunguza biashara ya uchapaji haina mfano. Ila nakala hizo za kiwandani hazikupita posta. Hazina muhuri, jina wala mshale wa wino. Zilizotumwa zimo kwenye maboksi ya wauza vitu vya kale na katika madroo ya familia, na hata huko zimetenganishwa na majibu yake, kwa sababu kadi aliyoituma rafiki wa Kansas iliishia Ohio na ile aliyojibiwa ikabaki Kansas. Maktaba zinazoendelea kuziweka kadi hizi mtandaoni kwa upande mmoja tu wa picha zingefanya vyema kuzipiga na upande wa nyuma, kunakili majina ya miji na tarehe za mihuri, na kuziwezesha zitafutwe kwa njia hiyo, ili kadi na jibu lake zilizokaa majimbo mawili kwa miaka mia na zaidi zipate kusomwa pamoja.